Mama Klachi Afuata Dawa ya Mafua

Watu wengi pale mjini walijifunza kuendesha gari kwa Mama Klachi, na kila mmoja alitoka kwake na vitu viwili: leseni na kidonda cha roho. Leseni huisha muda wake. Kidonda kile hakikuwa na tarehe ya mwisho.

Mwenyewe alikuwa mwanamke mfupi, mnene wa kutosha, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba, na sauti ya kusimamisha treni. Hakuwahi kumpiga mwanafunzi hata kofi. La nini, na ulimi upo? Ukikawia kubadili gia, alikuuliza kama unangoja kadi ya mwaliko. Ukikanyaga breki kwa pupa, alikuambia, "Polepole! Hiyo breki, si nyoka!" Wakili mmoja wa kuheshimika aliwahi kurudi nyuma akaliangusha pipa la taka. Mama Klachi akashusha kioo mbele ya soko zima, akasema, "Mheshimiwa, pipa la watu limekosa nini? Lisomee mashtaka basi." Wakili akashuka, akaenda zake kwa miguu huku akiapa hatarudi. Kesho yake akarudi. Wanafunzi wa Mama Klachi walikuwa wanafaulu, na matusi yenye faida huvumilika.

Shule ile ya udereva hakuianzisha yeye. Ilianzishwa na mumewe, bwana mmoja wa masharubu ya kuchana, ambaye siku moja alitoroka na mwanafunzi wake. "Walikuwa hawajafika somo la kurudi nyuma," Mama Klachi alizoea kueleza, "ndiyo maana hawajarudi mpaka leo." Gari la shule bwana aliliacha kwa sababu lilikuwa na pancha. Mama Klachi, ambaye usichanani aliendesha lori la matofali la baba yake, akaziba pancha, akafuta jina la mume ubavuni mwa gari, akakalia kiti cha mwalimu, kile chenye breki na klachi za ziada. Hakuondoka tena.

Kasoro yake ilikuwa moja: kifua. Alikuwa na pumu tangu utoto. Mkobani, katikati ya peremende na funguo, hakukosa ile pampu ya kuvuta dawa ya kifua, na kila baada ya muda alikwenda zahanati kuchukua nyingine. Mara ya mwisho muuguzi wa pale alimwambia, "Mama, mwenye kifua kama chako akipata homa ya mafua asikae nyumbani. Siku hizi ipo dawa ya kupambana na virusi vyenyewe, lakini inataka iwahiwe. Siku ya kwanza, ya pili. Ukichelewa inakuwa kama kumfungia mlango mwizi aliyeshaondoka na televisheni."

"Na wewe uache kunitabiria mabaya," Mama Klachi alimjibu, akachukua pampu yake.

Mwaka ule mafua yaliingia mjini kama mgeni asiyepiga hodi. Hayakuwa yale ya kupenga kamasi na kuendelea na shughuli. Ilikuwa homa ya mafua yenyewe, ya kumlaza mtu chali akaona hata shuka ni zito. Shuleni madarasa yakawa nusu, benki ikafungua dirisha moja, na kwenye foleni za maduka watu walikohoa kwa kupokezana. Mama Klachi akawacheka. "Watu wa siku hizi wakipiga chafya mbili wanaandika wosia," alisema.

Yalimpata akiwa kazini. Mwanafunzi wa asubuhi hiyo alikuwa Fundi Saa, mtu wa makamo, mwembamba, mpole mpaka unamwonea huruma, mwenye kibanda cha kutengeneza saa karibu na stendi ya mabasi. Mikono yake ilizoea skrubu ndogo kuliko mbegu ya ufuta, kwa hiyo usukani aliushika kwa ncha za vidole kama mtu anayetegua bomu. Alikuwa mkongwe wa shule. Wanafunzi waliomkuta pale walishapata leseni, na wengine walishanyang'anywa. Mtihani alikuwa akiufeli kwa utulivu, anashukuru, anarudi darasani. Kilichomshinda zaidi ni ule mzunguko mkubwa wa katikati ya mji, unaokutanisha barabara tano na wendawazimu wa kila namna. Akiukaribia tu, anasimama, anawapisha watu wote, na wakiisha anawangoja wengine.

Asubuhi hiyo alisimama vile vile. Mama Klachi akavuta pumzi ya kumpa lake. "Fundi, hao unaowapisha ni wakwe z..." Sauti ikakatika palepale. Akajaribu tena, ikatoka kama mlango mkavu. Halafu kikohozi kikamshika, akakohoa mpaka miwani ikaruka kifuani.

"Pole, Mwalimu," alisema Fundi Saa.

Mama Klachi akamwonyesha kwa kidole: nyumbani.

Nyumbani alikuwepo mdogo wake, mwanamke mwenye imani kubwa katika tangawizi. Kwake yeye hakukuwa na ugonjwa usioshindwa na tangawizi, na ukishinda ugonjwa, basi tangawizi ilikuwa chache. Akamchemshia dada yake sufuria zima, akamfunika blanketi juu ya blanketi. "Mafua hayajaua mtu, Dada. Tulia utoke jasho."

Dada akatoka jasho. Kulipokucha alikuwa ametoka jasho lote na homa imebaki ndani. Viungo vilimuuma kama mtu aliyekanyagwa na lori lile la matofali, lote na shehena yake. Kifua kikawa kinapiga mluzi. Alivuta pampu, akapata nafuu kidogo, mluzi ukarudi. Hapo ndipo alipomkumbuka muuguzi na televisheni yake iliyoibwa, akaanza kutafuta viatu.

"Unakwenda wapi na hali hiyo?" mdogo wake akauliza.

Akafanya ishara ya sindano.

"Basi nikuitie teksi."

Mama Klachi akatikisa kichwa kwa nguvu zote alizobakiwa nazo. Madereva teksi wa mji ule aliwafundisha yeye, tena alijua nani alifaulu kwa haki na nani alipitishwa siku mtahini ana haraka. Akanong'ona kwa ile sauti ya mlango mkavu, "Ugonjwa mmoja unanitosha." Pikipiki nayo hakutaka hata kuisikia. Kwa kile kifua, upepo ungemmaliza kabla ya kona ya kwanza.

Wakiwa katika mabishano hayo, hodi ikabishwa. Alikuwa Fundi Saa, amefika kwa somo lake kama kawaida, nywele zimechanwa, viatu vinang'aa. Mama Klachi akamtazama. Akatazama gari uani. Akafikiri: huyu angalau hakimbii, na breki ya pili iko upande wangu. Akamrushia ufunguo.

"Mimi?" alisema Fundi Saa. "Mpaka zahanati? Peke yangu?"

"Si peke yako," alisema mdogo mtu kwa uchungu, akimpa dada yake barakoa na chupa ya tangawizi. "Unakwenda na maiti anayekataa tangawizi."

Wakaenda, vioo vyote vimeshushwa ili Fundi Saa asivute virusi, Mama Klachi amejifunga mtandio mpaka puani juu ya barakoa, herufi kubwa nyekundu ya mwanafunzi ikitikisika mbele ya gari. Walipitwa na baiskeli. Walipitwa na mama mwenye ndoo kichwani. Mama Klachi alikuwa na mengi ya kusema, lakini kila alipofungua mdomo kikatoka kikohozi, kwa hiyo akawa anagonga dashibodi kwa kidole cha pete. Na Fundi Saa, kwa kukosa kutukanwa, akaanza kunyooka. Mpaka wanafika zahanati alikuwa ameingia gia ya tatu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa hiari.

Zahanati ilijaa. Watu walikaa kwenye mabenchi na ngazi za mlangoni, wote na barakoa, wote wakikohoa. Yule muuguzi naye alikuwa nyumbani na mafua; mwenzake alimchokoa pua kwa kile kijiti cha kipimo mpaka machozi yakamtoka, na majibu yakaja: homa ya mafua, bila shaka yoyote. Akapelekwa kwa mganga wa zahanati, kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, ambaye alikuwa mgeni mjini. Hakujua kuendesha gari wala hakumjua Mama Klachi. Heri yake.

"Mama anajisikiaje?" mganga akauliza.

Mama Klachi akanong'ona. Mganga hakusikia kitu. Akamgeukia Fundi Saa, na Fundi Saa, ambaye alikuwa amekaa karibu na ule mdomo kwa muda mrefu, akajikuta mkalimani.

"Anasema hajambo kidogo," alisema. Alichosema Mama Klachi hasa ni kwamba anajisikia kama kiatu cha mlevi, na kama mganga haoni kwa macho basi aazime miwani.

"Ana ugonjwa mwingine wowote? Sukari, presha, kifua?"

Mama Klachi akanong'ona kwa kirefu, mkono kifuani. Katikati ya maelezo kulikuwa na pumu. Lakini mwanzoni kulikuwa na neno juu ya umri wa mganga, na mwishoni kulikuwa na swali kuhusu ni nani aliyemwachia mtoto kiti cha daktari, na Fundi Saa, akiruka mashimo hayo mawili, akairuka na pumu yenyewe.

"Anasema anakushukuru kwa kumuuliza," alisema. "Zaidi ya hapo hana shida."

Mganga akaweka kile kibanio cha kupimia hewa mwilini kwenye kidole cha mgonjwa, akasoma namba, akaridhika. "Mama yuko vizuri. Anatembea, pumzi zinatosha. Apumzike, anywe maji mengi, dawa ya homa hii hapa. Ile dawa ya virusi inatunzwa kwa walio hatarini, na hapa kwetu haipo kabisa. Akizidiwa, arudi."

Mama Klachi akamshika Fundi Saa kwenye mkono na kumminya. Akanong'ona tena, taratibu, neno kwa neno. Hili halikuwa na namna ya kulipamba.

"Anasema... nikizidiwa nirudi, na nikirudi nimezidiwa utaniambia nimechelewa. Sasa nije lini?"

Mganga akasugua macho. Hakukasirika. Alikuwa amechoka tu, na swali lile inaelekea alishajiuliza mwenyewe. "Bwana, kama angekuwa na ugonjwa wa kifua ingekuwa mambo mengine. Lakini mmesema hana."

Mama Klachi akageuza shingo akamtazama mkalimani wake. Kisha akaufungua mkoba, akautikisa juu ya meza. Zikamwagika peremende, funguo, kitana, na pampu, ikabingirika mpaka mbele ya mganga ikasimama.

"Hii ya nani?"

"Yake," Fundi Saa alisema kwa sauti ndogo. "Ana pumu. Alisema. Mimi ndiye... nilikuwa naondoa matusi, ikatoka na yenyewe."

Mganga akamtazama huyu, akamtazama yule, akaegemea kiti na kucheka mpaka akalazimika kufuta machozi. Halafu akamsikiliza kifua, na kicheko kikaisha. Akaandika haraka, akawaambia waende hospitali kubwa, leo, sasa hivi, upande wa pili wa mji.

"Fundi," Mama Klachi alinong'ona walipotoka nje, "adabu yako itaniua."

"Nisamehe, Mwalimu."

"Kuanzia sasa nikisema, sema vile vile."

Kwenda hospitali kubwa njia ilikuwa moja, na katikati ya njia ulikaa ule mzunguko. Fundi Saa alipouona akapunguza mwendo, akasimama kama ilivyo ada yake, akaanza kuwapisha watu. Nyuma honi zikalia. Mama Klachi, kichwa kimeegemea kioo, hakugonga dashibodi. Alikuwa anahesabu pumzi zake mwenyewe, moja moja. Fundi Saa akamtupia jicho, akaona kifua kinavyopanda na kushuka kama mvukuto, akasema, "Bismillahi, na liwe liwalo," akaingia.

Kuingia si kazi. Kazi kutoka. Walizunguka wakaipita barabara ya hospitali, wakaipita tena, na Mama Klachi akaanza kuzizoea sura za wauza magazeti. Askari wa barabarani pale katikati, ambaye naye alipita mikononi mwa Mama Klachi, aliona gari la mwalimu wake likizunguka bila mwisho, akadhani ni mbinu mpya ya kufundisha, akapiga saluti. Mwishowe akasimamisha magari yote kwa heshima, na Fundi Saa akachomoka kwenye barabara anayoitaka akiwa analowa jasho, huku akicheka peke yake kama mwehu.

Hospitalini walipokelewa haraka kwa ile barua ya mganga, wakaingizwa kwa daktari. Mama Klachi alipovuka mlango akasita. Daktari alikuwa mwanamke mrefu mwenye koti jeupe, na Mama Klachi alimjua fika. Alikuwa mwanafunzi wake zamani. Alimfundisha muda mfupi tu, kwani siku moja alimwita gunia la viazi mbele ya watu wa kituo cha mafuta, binti akashuka akilia, hakuonekana tena. Wahenga walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Mama Klachi alikuwa amewatukana wakunga, madaktari, na kama angepata nafasi, hata wachimba kaburi.

"Karibu, Mwalimu," alisema daktari. "Mimi mpaka leo napanda basi."

Mama Klachi akavuta mtandio mpaka machoni.

Daktari akamwinamisha, akaweka kile chombo chake baridi mgongoni. "Vuta pumzi. Taratibu, usiruke. Ndiyo hivyo. Sasa achia, kidogo kidogo." Alikuwa anamsemesha maneno ya somo la klachi, yale yale, kwa upole ambao Mama Klachi hakuwahi kumpa mtu. Alisikiliza juu, akasikiliza chini, kushoto na kulia.

"Homa imeanza lini?"

"Jana," alisema Fundi Saa. "Na ana pumu. Ana pumu kabisa. Tangu utoto ana pumu."

"Nimesikia, baba. Umewahi, Mwalimu. Wengi wenye kifua kama hiki nawaona wakija wamebebwa, na hapo vidonge havina kazi kubwa tena. Utameza leo, asubuhi na jioni, mpaka viishe. Usiache hata ukijisikia mzima." Akaandika. Kisha akaweka kalamu chini. "Ila kabla hujaenda. Mimi nilikuwa gunia la viazi kweli?"

Mama Klachi akafikiri, akanong'ona. Fundi Saa akatazama viatu vyake.

"Anasema ulikuwa mwanafunzi mzuri sana."

"Mwongo," alisema daktari. "Amesema nini hasa?"

Fundi Saa akakumbuka agizo alilopewa. "Anasema gunia lingekaa wima. Wewe ulikuwa unakanyaga klachi kama mtu anayeua mende."

Daktari akapasuka kwa kicheko, akashika meza. "Ndiye! Ndiye mwenyewe! Basi hali si mbaya kama nilivyodhani." Akawasukuma kuelekea dirisha la dawa.

Kwenye dirisha la dawa kulikaa mwanamke aliyewatazama watu kama wamekuja kumwomba figo. Akasoma cheti. "Za hapa mbele zimeisha. Zipo stoo."

"Basi tunaomba za stoo," alisema Fundi Saa.

"Stoo imefungwa. Mwenye ufunguo ametoka."

"Anarudi saa ngapi?"

"Hajasema. Simu yake haipatikani. Njooni kesho."

Mama Klachi akasogea mpaka dirishani. Hakuwa na sauti ya kumwambia alichostahili, kwa hiyo akafanya alichoweza. Akakohoa. Alikohoa ndani ya barakoa na ndani ya mtandio, kwa adabu zote za afya, lakini kwa moyo wake wote, kikohozi kirefu chenye mluzi ndani yake. Foleni ikarudi nyuma kama wimbi. Mwanamke wa dirishani akateremsha kioo. Mama Klachi akavuta kiti akakaa hapo hapo mbele ya kioo, akaendelea.

Fundi Saa akatoka nje. Kwenye korido alikuwepo mama mfagiaji, akamuuliza kama anajua mwenye ufunguo wa stoo yuko wapi.

"Si ameenda kunyoa? Ana sherehe jioni. Yuko kwa yule kinyozi wa stendi."

Kinyozi wa stendi alikuwa jirani yake Fundi Saa, ukuta kwa ukuta. Fundi Saa akasimama pale koridoni akiwa na ufunguo wa gari mkononi. Hakuwa na leseni. Hakuwahi kuendesha bila mtu pembeni. Kati yake na kinyozi ulikaa ule mzunguko, kwenda na kurudi.

Mama Klachi alikuwa anapumua kati ya kikohozi na kikohozi alipotazama nje kupitia dirisha la ukumbini, akaliona gari lake linaondoka. Kiti cha mwalimu kilikuwa kitupu. Akasimama, akafungua mdomo apige kelele ambayo ingerudisha gari lile kinyumenyume mpaka mlangoni. Hakikutoka kitu. Akabaki ameinua mikono, mdomo wazi, na bibi mmoja wa foleni akamshika bega akamwambia, "Pole, mama. Ndugu yako ameaga?"

Ulikuwa muda wa mateso. Mama Klachi aliona kwa macho ya akili gari limepanda mti, gari limeingia benki, gari linazunguka kule katikati mpaka mafuta yaishe. Homa ikapanda. Yule wa dirishani, kwa hofu au kwa huruma, akafungua kioo kidogo akampitishia glasi ya maji.

Gari likarudi. Liliingia langoni taratibu, likaenda kusimama pale pale lilipokuwa, limenyooka kuliko lilivyoachwa. Kutoka kwenye kiti cha mwalimu alishuka bwana mnene mwenye kitambaa cha kinyozi bado shingoni, kichwa kimenyolewa upande mmoja, upande wa pili nywele ziko nzima. Alikuwa na ufunguo wa stoo mkononi.

"Huyu mtu," alimwambia Mama Klachi, "amenitoa kwa kinyozi mashine ikiwa kichwani! Nimekanyaga breki yako njia nzima!"

"Ungeniambia niache kuendesha kama unaogopa," alisema Fundi Saa, na hapo ndipo watu waliomfahamu wangejua kwamba kuna kitu kimebadilika ndani yake.

Stoo ikafunguliwa. Vidonge vikapatikana, na waliokuwa nyuma kwenye foleni na vyeti vyao nao wakapata. Mama Klachi alimeza cha kwanza pale pale, kwa maji ya yule mwanamke. Mwenye ufunguo akaomba arudishwe akamalizie kichwa. Safari hii alipanda teksi.

Vidonge havikufanya miujiza. Mama Klachi alilala kitandani akijichukia mwenyewe na kumchukia kila mtu, na kifua kilimsumbua hata baada ya homa kushuka. Lakini homa ilishuka mapema kuliko ya majirani, hakulazwa, wala hakuwekewa mashine ya hewa kama fundi bomba wa mtaa wa pili ambaye alikaa ndani akivuta mvuke mpaka akabebwa. Daktari alisema hakuna anayeweza kuapa ingekuwaje bila dawa. Alisema tu kwamba yeye asingependa kujaribu.

Mdogo wake naye akaambukizwa. Akadai vidonge kama vya dada yake. Kwa kuwa alikuwa mzima wa kifua na wa kila kitu, daktari alimwambia apumzike na anywe vitu vya moto. Akachukia sana. "Kumbe mimi ndiye wa tangawizi!" alilalamika, na dada yake akamchemshia sufuria zima.

Hospitalini waliweka ufunguo wa pili wa stoo kwa muuguzi wa zamu. Hakuna aliyetangaza kwa nini.

Sauti ya Mama Klachi ilirudi kidogo kidogo, kwanza ya mlango, kisha ya chura, kisha ya kwake. Siku iliporudi kamili alimwita Fundi Saa, akamwambia yote aliyoyaweka akiba tangu pale dirishani: kuhusu leseni, kuhusu sheria, kuhusu wanaume wanaoiba magari ya wagonjwa. Alisikika mpaka sokoni. Fundi Saa alisikiliza mikono nyuma, na alipomaliza akasema, "Ahsante, Mwalimu. Lini mtihani?"

Siku ya mtihani Mama Klachi alikaa kwenye benchi la nje akimalizia kikohozi cha mwisho mwisho. Gari likaenda na mtahini, likarudi. Fundi Saa akashuka na karatasi yake, akampa aisome. Mama Klachi akavaa miwani, akasoma, akavua miwani.

"Mtahini alikuwa na haraka?"

"Hapana, Mwalimu. Alinirudisha mara mbili kwenye mzunguko kwa sababu alipenda."

"Basi nirudishe nyumbani. Nimechoka."

Akaingia upande wake, akafunga mkanda. Kabla hawajafika kwenye taa za barabarani alikuwa amelala, kichwa nyuma, mdomo wazi, anakoroma kwa sauti nzima ya mtu aliyepona. Mguu wake uliokuwa juu ya breki ya mwalimu ulilala naye, ukaelemea. Fundi Saa aliona gari limekuwa zito, akasikia harufu ya kuungua ikipanda kutoka kwenye magurudumu, akajua kwa nini. Akaongeza mafuta kidogo, akapandisha kioo cha upande wa mwalimu wake ili upepo usimpige kifuani, wakaenda hivyo hivyo mpaka nyumbani.